Siku Niliyomtafsiria Mama Mkubwa

Katika mwaka wangu wa kwanza hapa Dar es Salaam nilijifunza neno lililonifurahisha sana: nusu kaputi. Nilikuwa nimekulia Kashikishi, ufukweni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Kwetu Kiswahili ni lugha ya mama, nacho kinaishia mlangoni. Ukitoka nje unazungumza Kibemba. Mama alivuka kutoka Kongo wakati wa vita vya mwishoni mwa miaka ya 1990, akaolewa na mvuvi, akabaki. Kiswahili chake ni cha Katanga. Ugali kwake ni bukari, na maneno mengi ya vitabuni hajawahi kuyasikia.

Mhadhiri alilichambua neno hilo darasani. Nusu lina asili ya Kiarabu. Kaputi linahusishwa na neno la Kijerumani kaputt, yaani kilichoharibika, kilichokwisha. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa dawa ya kumpoteza fahamu ili apasuliwe ni mtu aliyekwisha nusu. Tulicheka. Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Sikujua kwamba neno hilo lingenitia aibu mbele ya mtu ninayempenda.

Mwezi wa Agosti 2024 nilikuwa nyumbani likizo. Dada yake mama, ambaye mimi namwita mama mkubwa, alikuwa na uvimbe tumboni. Yeye alikimbia mapigano huko Tanganyika ya Kongo mwaka 2017, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kupelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilaya yetu ya Nchelenge, yalipofunguliwa mwaka 2018. Anauza chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, na Kibemba chake ni cha sokoni: bei, kipimo, punguza, asante. Kibemba cha hospitali hana. Basi mama akasema, “Wewe si ndiye unayesomea Kiswahili? Nenda ukamsemee.”

Nilikwenda kwa furaha. Nilijiona mtaalamu.

Jioni ya kabla ya upasuaji alikuja kijana aliyevaa nguo za kijani, akajitambulisha kuwa ndiye atakayetoa dawa za usingizi. Nilidhani kazi hiyo hufanywa na daktari mpasuaji mwenyewe. Sivyo. Mpasuaji hushughulika na uvimbe. Mtu mwingine hushughulika na pumzi, mapigo ya moyo na maumivu ya mgonjwa. Zambia, kama ilivyo katika nchi nyingi za Afrika, wengi wanaofanya kazi hiyo si madaktari bali ni matabibu waliosomea fani hiyo mahususi. Mtaalamu huyu alizungumza Kibemba na Kiingereza. Aliuliza maswali mengi, na kila swali nililibeba kwa Kiswahili.

Je, aliwahi kupasuliwa? Je, kuna mtu katika ukoo aliyepata shida kwa sababu ya dawa ya usingizi? Kuna dawa inayomdhuru? Anavuta sigara, anakunywa pombe? Ana jino linalotikisika? Mama mkubwa akacheka: jino na tumbo wapi na wapi? Mtaalamu akaeleza kwamba mrija wa kupitishia hewa huingizwa kwa mdomo, na jino bovu linaweza kung’oka na kuanguka katika njia ya hewa. Kisha akauliza kama anatumia dawa za kienyeji. Swali hilo nilitaka kuliruka, kwa kuwa nilijua jibu na niliona haya. Nikauliza kwa sauti ndogo. Mama mkubwa akataja mizizi anayochemsha, naye mtaalamu akaandika bila kukunja uso. Akasema baadhi ya mizizi huweza kufanya damu isigande upesi au kubadili nguvu ya dawa, hivyo ni heri ajue.

Mwisho akasema, “Mwambie atapewa dawa ya usingizi, na kuanzia usiku wa manane asile kitu.”

Hapo ndipo nilipoharibu mara mbili.

Kwanza, badala ya kusema dawa ya usingizi, nilitaka kuonyesha elimu yangu. Nikasema, “Mama mkubwa, utawekwa nusu kaputi.” Akauliza kaputi ni nini. Mwanafunzi mwema hujibu kwa asili ya neno. “Ni kilichokwisha,” nikasema, “kilichokufa.” Alinyamaza. Kisha akasema polepole, “Kwa hiyo wataniua nusu.” Nikajitahidi kurekebisha, lakini neno lilikuwa limekwisha kukaa. “Na siku hizi umeme unakatika,” akaendelea. “Ukikatika mimi nikiwa nusu, nani atanirudishia nusu nyingine? Bora wanishike mikono na miguu, nivumilie.”

Baadaye, nikisoma, niligundua kwamba hilo aliloliomba ndilo lililokuwa likifanyika kwa karne nyingi. Kabla ya tarehe 16 Oktoba 1846, siku ambayo William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari katika hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, watu wengi walipasuliwa wakiwa wameshikwa au wamefungwa, na mpasuaji bora alikuwa yule mwenye kasi. Lakini usiku ule sikuwa na historia hiyo. Nilikuwa na mwanamke mwenye hofu niliyempa mimi mwenyewe.

Nikamfuata mtaalamu, nikamweleza. Akarudi, akaketi kitandani. Alisema nami nikatafsiri, safari hii neno kwa neno bila mapambo.

Alisema: Huu si usingizi wa nyumbani. Usingizi wa nyumbani mtu akikugusa utaamka. Huu hata ukikatwa hutaamka, kwa sababu dawa imeifanya akili isipokee. Koo na misuli hulegea, na pumzi yako inaweza kuwa ndogo au kusimama kabisa. Ndiyo maana mimi nitakuwa kichwani pako tangu mwanzo hadi mwisho, nikikupumulisha. Nitakupa dawa tatu kwa kazi tatu: ya kukulaza, ya kuzuia maumivu, na ya kulegeza misuli ili mpasuaji afanye kazi. Sitakuacha. Umeme ukikatika, nina mtungi wa oksijeni na mfuko huu ninaoubana kwa mkono. Mashine inanisaidia tu. Anayekuangalia ni mimi.

Mama mkubwa akauliza, “Nikiamka katikati?” Akajibiwa kwamba hutokea, lakini ni nadra mno. Baadaye niliona hesabu ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ayalandi na kutangazwa mwaka 2014: taarifa za wagonjwa waliokumbuka kuwa macho wakati wa upasuaji zilikuwa kama 1 kwa kila wagonjwa 19,000.

Aliweka alama ya kidole kwenye fomu ya ridhaa. Nikaenda kulala nikidhani nimemaliza kazi.

Kosa la pili lilijitokeza asubuhi. Upasuaji ulipangwa saa mbili. Mtaalamu alipofika hakuuliza kwa Kibemba, “Umekula?” Swali hilo nilikuwa nimemuuliza mama mkubwa mara mbili tangu alfajiri, na mara zote alijibu hapana. Yeye aliuliza, “Tangu jana usiku, ni kitu gani kimepita mdomoni?” Nikatafsiri vilevile. Mama mkubwa akajibu bila wasiwasi wowote, “Viazi vitamu viwili, saa kumi na moja. Na kikombe cha munkoyo.”

Nilihisi miguu ikiisha nguvu. “Mama mkubwa, si nilikwambia usile?”

“Sikula,” akasema, akinishangaa. “Bukari sikugusa.”

Hakudanganya. Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua hili, nami nililijua kuliko wote. Kwa Kibemba, kula ni kula ubwali. Mtu aliyeshiba viazi, mihogo ya kuchemsha na karanga atakwambia tangu asubuhi hajala. Kwa Waluba wa mama yangu ni hivyohivyo: bila bukari hakuna kula. Na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kwa wengi ni kama maji yenye ladha. Nilikuwa nimetafsiri kitenzi kutoka kamusini, na nyumba nzima inayoishi ndani ya kitenzi hicho sikuitafsiri.

Mtaalamu hakukasirika. Alisema, “Leo hatumlazi,” kisha akanieleza sababu, nami nataka kila anayesoma insha hii aishike. Tukiwa macho, koo lina ulinzi. Kitu kikienda njia isiyo yake tunakohoa hadi kitoke. Dawa ya usingizi huuzima ulinzi huo. Tumboni kukiwa na chakula, kinaweza kupanda hadi kooni na kushuka mapafuni bila mtu kukohoa hata mara moja. Tindikali ya tumbo huunguza mapafu, vipande vya chakula huziba njia ya hewa, na mgonjwa anaweza kufa kwa viazi viwili. Kwa upasuaji usio wa dharura, kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula au maziwa, na saa 2 bila maji. Mtoto anayenyonya huachishwa ziwa la mama kwa saa 4. Munkoyo si maji. Una unga ndani yake.

Nilitoka nje nikaketi chini ya mwembe. Nilifikiri juu ya alama zangu za somo la tafsiri, ambazo zilikuwa nzuri. Kama mtaalamu yule angeridhika na neno hapana lililotoka mdomoni mwangu, mama mkubwa angelazwa na viazi tumboni, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba kosa lilikuwa la mwanafunzi wa Kiswahili.

Siku mbili baadaye tulirudi. Safari hii nilikuwa nimesema, “Kitu chochote kisipite mdomoni: si bukari, si kiazi, si muwa, si munkoyo, si chai, si hata bazoka.” Nilikesha naye.

Niliruhusiwa kuvaa nguo za chumba cha upasuaji na kuingia naye mpaka atakapolala, kwa sababu kulikuwa na maswali ambayo ni lazima ayajibu mwenyewe. Jina lako nani? Unapasuliwa nini? Sehemu ipi? Umekubali? Nilidhani ni urasimu, kwani walikuwa na faili lake mkononi. Baadaye niligundua kwamba maswali hayo ni sehemu ya kwanza ya orodha ya ukaguzi iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ukaguzi una vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, hapa Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Haikuwa dawa mpya. Walikuwa watu wakiulizana kwa sauti na kusubiri jibu. Kwa mgonjwa asiyejua lugha ya chumba, jibu hilo linapita kwa mkalimani.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Walimfunga kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, wakambandika vibandiko kifuani, wakambana kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni kwenye damu. Mlio wake ulianza: ti, ti, ti. Mtaalamu aliniambia niusikilize, maana mlio huo hushuka sauti oksijeni inaposhuka, hivyo hata akigeuka masikio yake yanajua. Walimfunika mdomo na pua kwa kinyago cha oksijeni. Sindano ilikwisha kuwekwa mkononi. Ikapitishwa dawa nyeupe kama maziwa. Alikuwa ameonywa kwamba itachoma kidogo kwenye mshipa. Akasema, “Inachoma,” nikamwambia, “Ndiyo yenyewe.” Alitaka kusema neno jingine. Halikutoka. Nikaambiwa nitoke.

Si kila mgonjwa hupewa dawa hiyo. Wengine hupewa ketamini, iliyo ya kawaida sana katika hospitali zetu kwa kuwa haidhoofishi pumzi sana. Anayeipata anaweza kuamka na ndoto za ajabu, akaona rangi au akahisi anaelea. Ni vizuri aambiwe mapema, asije akadhani amerogwa. Watoto mara nyingi huvutishwa mvuke kwa kinyago badala ya sindano.

Nilipomwona tena alikuwa amelala ubavu, anatetemeka kama mwenye malaria. Nilishtuka, lakini muuguzi alisema kutetemeka ni jambo la kawaida baada ya dawa hizi, akamwongezea blanketi. Mama mkubwa alifungua macho.

“Wataanza saa ngapi?” akauliza.

“Wamemaliza, mama mkubwa.”

Hakuniamini. Alipeleka mkono tumboni, akakuta bandeji. Mtu aliyelala usiku huamka akijua kwamba usiku umepita. Aliyelazwa kwa dawa hana usiku. Kwake dakika ile na dakika hii zimeshonwa pamoja. Aliniuliza swali lilelile mara tatu, na kila mara nilimjibu kana kwamba ni la kwanza. Alitapika mara moja. Koo lilimkereketa kwa siku mbili kwa sababu ya mrija. Mambo haya yote tulikuwa tumeambiwa, na kwa sababu tuliambiwa hatukuogopa.

Kabla ya kuondoka mtaalamu alinipa kazi nyingine. Nikae naye usiku. Akikoroma kwa shida, akipumua polepole mno, midomo ikibadilika rangi, akishindwa kuamshwa, au bandeji ikilowa damu, nimwite muuguzi mara moja, nisione haya. Nilidhani hatari imeachwa mezani. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa 11,422 wa upasuaji. Katika kila 100, wawili hivi walifariki, na wengi mno kati yao walifariki baada ya upasuaji, si wakati wa kukatwa. Wauguzi wa usiku ni wachache na vitanda ni vingi. Ndugu aliyeketi kwenye mkeka chini ya kitanda, kama tunavyofanya kwetu, naye ni jicho. Lakini ni jicho lenye faida pale tu anapoambiwa atazame nini.

Aliporuhusiwa, yalibaki maonyo ya siku ya kwanza kwa wale wanaorudi nyumbani siku hiyohiyo: kwa saa 24 usiendeshe gari wala pikipiki, usinywe pombe, usitie saini mkataba, usiachwe peke yako na mtoto mdogo. Mtaalamu aliongeza lake kwa watu wa Kashikishi: usipande mtumbwi. Aliwahi kumwona mvuvi aliyetaka kutoka kitandani akatege nyavu jioni ileile.

Niliporudi chuoni nililitafuta daftari langu la mwaka wa kwanza. Neno nusu kaputi bado lina mstari chini yake. Silichukii. Ni neno zuri, na lina ukweli ndani yake, kwani kweli mtu huachia nusu yake kwa muda. Kilichokosekana katika maelezo yangu ni nusu ya pili ya habari: kwamba kuna mtu anayeishika. Kamusi ilinipa asili ya neno. Haikunipa kijana wa nguo za kijani aliyeketi kichwani, masikio yake yakifuata mlio.

Wenzangu tunaosoma lugha hii, siku moja mtaitwa kama mimi. Hospitali za ukanda wetu zimejaa watu waliovuka mpaka au ziwa, nao watasemewa na mtoto wa ndugu aliyepata elimu kidogo. Mkifika huko, msitafsiri “usile.” Ulizeni nini kimepita mdomoni. Msiseme “utalala tu.” Semeni atalazwa na nani, na kwamba mtu huyo hataondoka. Na swali mnaloona haya kuliuliza, ulizeni.

Mama mkubwa amerudi sokoni na chisense zake. Mama ananiambia kwamba neno lile amelichukua, halirudishi. Kila mwanamke anayekuja mezani pake husimuliwa jinsi alivyokuwa nusu kaputi, na akiulizwa kama hakuogopa, husema, “Nusu yangu aliishika yule kijana. Na huku nje mwanangu alikuwa na njaa kama mimi.”

Ni kweli. Asubuhi ile na mimi sikula. Hata kiazi.